Wanaohesabiwa Kilima Kipara

Babu yangu mzaa baba alikuwa na fahali mweusi. Fahali huyo aliingia kwenye pango la Kilima Kipara, huku Maretadu, asubuhi kabla umande haujakauka, na jioni akatokea ziwani Basotu, pembe zote mbili zimejaa kambare. Ndivyo nilivyosimuliwa na ndivyo ninavyosimulia, isipokuwa kambare mwanzoni walikuwa wawili, nami nimewaongeza kidogo kwa sababu fahali alikuwa mkubwa. Anayetaka maneno yaliyopimwa kwenye mizani aende mahakamani. Kwangu atapata chai na fahali.

Lakini pango lenyewe lilikuwepo, na hapo sijatia chumvi. Wazee wetu walilichimba ubavuni mwa kilima enzi za kuvamiwa. Wakisikia adui anakuja, waliingiza ng'ombe, watoto na moto wao mle ndani, wakaziba mdomo kwa matawi ya miiba, wakakaa kimya mpaka adui apite juu ya vichwa vyao bila kujua anakanyaga dari la watu. Baadaye sana, wakati mimi tayari nina wajukuu, wakaja vijana wenye tochi za kichwani wakisema mle ndani kuna dhahabu. Wakachimba kuanzia pale babu zetu walipoachia, kushoto, kulia na chini, kama fuko waliolewa. Dhahabu waliyoipata isingeziba hata jino la panya. Wakaondoka, wakatuachia kilima kama andazi, nje kizima, ndani tupu.

Juu ya andazi hilo ndipo barabara ilipokuja kutafuta kokoto. Na mtu aliyepewa kazi ya kulipua mwamba alikuwa mjukuu wangu Baltazar, mtoto wa binti yangu marehemu.

Baltazar alizaliwa kwangu, kijijini Daudi, siku ya radi. Neno lake la kwanza lilikuwa "pu", na aliposema "pu" jogoo wa jirani alianguka chini akazimia. Jirani anakataa, lakini jogoo alikuwa wake, ni lazima akatae. Alipokua akawa mtu wa maneno machache, mtu anayesogeza kikombe chako mbali na ukingo wa meza bila kusema kitu. Akaenda Mererani, akajifunza baruti, akapata na ruhusa ya serikali ya kuishika.

Huko Mererani alikuwa na rafiki anaitwa Nicodemo. Mashimo ya kule yako jirani jirani, na chini kwa chini njia za huyu hukutana na njia za yule. Siku moja watu wa shimo la jirani waliwasha baruti bila kutuma neno. Moshi ukapita njia ya chini ukamkuta Nicodemo amekaa anakula kiporo cha makande. Baltazar alimvuta kwa miguu mpaka juu, na alipomfikisha juu kijiko kilikuwa bado mkononi mwake na yeye hayupo.

Basi alirudi na hofu, akajenga huku Maretadu, na kwa maoni yangu hofu hiyo ndiyo ilikuwa ufundi wake. Niliwahi kumuuliza kama baruti haimtishi. Akaniambia, "Bibi, baruti haina shida. Ukiiheshimu, inatulia. Shida ni yule aliye upande ambao mimi sioni."

Nilikwenda mara moja kumwona akifanya kazi, nikiwa nimebeba mahindi ya kuchemsha kama kisingizio. Nilidhani kulipua ni kuwasha na kukimbia. Kumbe siku nzima mtu anahangaika ili akiwasha kusitokee kitu. Kwanza mashine ya kutoboa ilikuwa inashuka polepole, na Baltazar amesimama kando, haangalii mashine, anaangalia vumbi linalopanda. Vumbi likipanda vizuri, chini kuna mwamba. Likikatika ghafla na chuma kikadondoka kama mguu unaokosa ngazi, basi chini ni tupu, ni pango. Shimo la namna hiyo hakulitia baruti hata chembe. Alishusha jiwe kwenye kamba kujua utupu uko wapi, akaliziba kwa gunia na udongo wa mfinyanzi uliokandwa, akazungushia chokaa, na ndani ya chokaa hiyo hakuna katapila wala mtu aliyeruhusiwa kukanyaga. Alisogea mbali na hapo, akatoboa mashimo mafupi, akatia baruti kidogo kidogo, na akayapanga yalipuke moja baada ya jingine, yasipige kwa pamoja. Aliniambia kilima kikitikiswa kwa mkupuo kinaanguka chote, lakini kikigongwa kidogo kidogo kinavumilia.

Lakini hakukidanganya kilima. Alijua dari la pango lilikuwa limechoka, limelowa mvua za miaka, na wale vijana wa tochi walilikwangua mpaka likawa jembamba mahali pasipojulikana. Hata kuingia ndani kulikagua kulikatazwa. Siku moja lingeshuka, leo au mwakani. Kwa hiyo alitaka jambo moja tu, ambalo kwake lilikuwa zaidi ya kokoto zote: pango likianguka, lianguke tupu.

Ndiyo maana aliweka utaratibu wake. Mdomo wa pango aliuziba kwa miiba, kama wazee walivyofanya. Kila mara kabla ya kulipua alikwenda kukagua kama miiba imesogezwa, akaita ndani, mara kwa Kiiraqw, mara kwa Kiswahili. Kisha king'ora kililia, na watu wote wa chini ya kilima walikusanyika uwanja wa kanisa, ambako jiwe halifiki. Hapo balozi wa nyumba kumi alihesabu watu nyumba kwa nyumba, akamwambia Baltazar kwa sauti kwamba wote wapo. Bila neno hilo Baltazar hakuwasha. Meneja wa machimbo, bwana Idd, mtu wa Tabora, aliwahi kulalamika kwamba wanangoja bibi mmoja amalize kusuka ukili wake ndipo aje uwanjani. Baltazar akamjibu kwamba mwamba umengoja tangu Mungu aumbe dunia, hautakimbia kwa sababu ya ukili. Idd akacheka, na toka siku hiyo akawa anakuja na kiti chake cha kukunja, anakaa uwanjani na wenzake.

Balozi alikuwa Natalia, mama wa Festo. Ningependa kuwaambia kwamba Natalia ni mtu mbaya, habari ingekuwa rahisi. Si mbaya. Anaimba kwaya sauti ya pili, hodari kuliko wa sauti ya kwanza. Mtu akiugua, uji wake ndio unafika wa kwanza. Na anahesabu vizuri. Anajua nani kaenda mnadani na nani kajificha kwa sababu ya michango ya shule.

Sasa niseme kuhusu Verediana, mke wa Festo. Alikuwa binti wa upande wetu wa Daudi, anacheka mpaka kuku wanaruka. Safari hii kuku kweli waliruka, nimeshuhudia. Festo alikwenda kuendesha trekta mashamba ya ngano kule chini Basotu, akamwacha mke na mimba kwa mama yake. Mtoto alizaliwa mvua zikiwa kubwa, akalia siku chache kwa sauti ya paka, akafa.

Sisi Wairaqw tuna jambo linaitwa meeta. Mwanamke akifiwa na mtoto wa namna hiyo, anatengwa mpaka msimu ugeuke. Hachoti maji ya wote, haombi moto, hapiti karibu na ng'ombe wala watoto wa watu. Hasalimii na haitikii, maana sauti yake inaweza kukubebesha yaliyompata. Ukikutana naye njiani anaingia porini, na wewe unapita kama hujaona kitu. Siku hizi kanisa limekataza, zahanati inashangaa, na wengi wameacha. Lakini zipo nyumba ambazo jambo hili bado limesimama nyuma ya mlango kama fimbo ya marehemu. Hakuna anayeitumia, hakuna anayeitupa, mpaka siku anapotokea nyoka.

Kwa Natalia siku hiyo ilifika. Alimjengea Verediana kibanda nyuma ya nyumba, akampa sufuria yake, na dumu dogo la njano lenye kitambaa cheusi kwenye mshikio ili lisichanganywe na madumu ya wengine. Nesi Kissa, wa zahanati, binti wa Mbeya, alipanda kilima mara mbili kumweleza Natalia kwamba mtoto alikuwa na kifua, kwamba hakuna mkosi wowote, na kwamba huyu mama mdogo anahitaji watu wa kumsemesha. Natalia alimsikiliza kwa heshima, akamfungia mayai, akamsindikiza mpaka njia panda, na hakubadili kitu.

Chemchemi ya wote ilikuwa marufuku kwa Verediana. Aliambiwa ateke maji kijito cha mbali, kule bondeni, na mwili wake bado ulikuwa na uzazi. Pangoni, ndani kabisa, kulikuwa na mahali maji yanadondoka kutoka darini. Yale hayakuwa maji ya mtu. Basi akawa anakwenda huko, akiona hakuna anayemwona. Alisogeza tawi la miiba, akaingia, na akalirudisha nyuma yake barabara, kama binti yeyote wa kwetu aliyelelewa penye ng'ombe anavyofanya. Ukiingia zizini unafunga nyuma yako. Hakuna hata anayefikiri, mkono unafanya wenyewe.

Kuanzia hapa naacha chumvi kando.

Siku ile Baltazar alifanya kila kitu. Alitoboa, chuma kikadondoka sehemu moja, akaziba, akaweka chokaa, akasogea. Alikwenda mdomoni mwa pango, akakuta miiba imekaa ilivyotakiwa. Akaita, "Hodi humo. Nalipua. Kuna mtu?" Akaita tena kwa Kiiraqw. Akatega sikio. Maji tu yanadondoka. Akapanda juu, king'ora kikalia, watu wakateremka uwanja wa kanisa na watoto wao, vigoda vyao na ufumaji wao, mpaka njia yote inayotoka pangoni ikajaa watu kwa chini.

Verediana alikuwa ndani. Hakuna aliyekuwa naye, kwa hiyo sijui aliwaza nini, na nyie mnaonijua mtashangaa kwamba sitabuni. Najua tu kwamba alikuwa na masikio. Alisikia anaitwa, lakini aliye kwenye meeta haitikii. Alisikia king'ora, na akitoka ni lazima ashuke kwenye njia ile moja, apite katikati ya kijiji kizima, kati ya watoto wachanga mgongoni mwa mama zao. Kile kilichowatoa watu wote majumbani ndicho kilichomfungia yeye ndani.

Uwanjani Natalia alihesabu nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho. Alipofika kwake alijihesabu yeye, akasema Festo yuko Basotu, akaendelea. Watu walikuwa wamesimama pale, na kila mmoja alijua kuna kibanda nyuma ya nyumba ya Natalia. Hakuna aliyesema. Si kwamba walificha. Mtu wa meeta macho yamezoeshwa yampite, na masikio, na hesabu pia. Natalia akainua mkono, akaita kwa sauti yake ya kwaya kwamba wote wapo.

Baltazar akawasha.

Waliokuwepo wanasema haikuwa kishindo kikubwa. Ilikuwa pu, pu, pu, moja baada ya nyingine, mwamba ukalala upande alioutaka yeye. Watoto wakapiga makofi. Kisha, wakati watu wanakunja vigoda, kilima kikatoa sauti ya chini, kama ng'ombe anayelala, na vumbi likatoka kwenye mdomo wa pango.

Mtu wa kwanza kwenda baada ya mlipuko ni fundi mwenyewe, hiyo ndiyo sheria. Baltazar alingoja moshi uishe, akakagua mashimo yake juu, yote yalikuwa yamelipuka. Akashuka pangoni. Miiba bado imesimama. Na ndani ya miiba, upande ambao mtu hawezi kutupia kitu akiwa nje, akaona dumu dogo la njano ambalo kabla ya kulipua halikuwepo hapo, limesukumwa na pumzi ya pango, na kitambaa cheusi kwenye mshikio.

Alishuka nalo mpaka uwanjani. Hakukimbia. Idd aliinuka kwenye kiti chake alipomwona sura. Baltazar akasimama mbele ya watu, akauliza, "Hili la nani?"

Watu wakamgeukia Natalia.

"Mama Festo," akasema, "uliniambia wote wapo."

"Wanaohesabiwa wote wapo," Natalia akajibu, upesi, kama mtu anayejibu katekisimu. Halafu macho yake yakashuka kwenye dumu, na nafikiri hapo ndipo yeye mwenyewe aliposikia alichosema. Akakaa chini palepale kwenye vumbi, miguu imenyooka mbele kama mtoto.

Walichimba kwa majembe na kwa mikono. Katapila lisingeweza kupanda juu ya dari lile. Baltazar hakuruhusu wengi waingie, na yeye hakutoka. Idd alivua viatu vyake vizuri akawa anapokea mawe mlangoni mwa pango. Jua lilikuwa bado halijashuka walipomfikia. Alikuwa amekaa karibu na maji yake, mgongo ukutani, kanga imefunika uso. Hakuwa na jeraha la kuonekana. Vumbi ndilo lililommaliza, na giza.

Festo alikuja kutoka Basotu kwenye lori la ngano. Alimzika mkewe kando ya mtoto, na alipomaliza alipanda lori lilelile akarudi alikotoka, bila kunywa hata maji nyumbani kwa mama yake.

Wakaja watu wa serikali, wakapima, wakauliza, wakaangalia miiba na chokaa. Wakasema fundi alifuata kila kinachotakiwa na hana kosa. Baltazar alikuja kwangu Daudi na habari hiyo. Aliniamkia shikamoo kutoka nje ya uzio, nikaitikia marahaba, lakini hakuingia. "Wamesema sina kosa, bibi," akaniambia. "Haya. Yule kule chini yuko kwa kosa la nani?"

Mimi, mwenye jibu la kila kitu, nikaenda kumfungulia uzio.

Jibu wazee walikuwa nalo. Walikaa wakasema Baltazar amemwaga damu bila kukusudia, kwa hiyo yeye sasa ndiye meeta, mpaka mwaka ugeuke. Kwa Natalia hawakusema kitu. Balozi ni balozi. Katekista Akonaay alikwenda kumwambia akatae, mambo haya yamepitwa na wakati, na kama yangekuwa yameachwa mapema Verediana angekuwa hai. Maneno ya kweli kabisa. Baltazar alimsikiliza mpaka mwisho, akasema anataka kukaa. Mkewe, Brightness, alivumilia kidogo, kisha akachukua watoto akaenda nao kwao, maana shuleni walikuwa wanakaa peke yao kwenye dawati. Simlaumu.

Basi nikafunga kuku wangu kwenye tenga, nikahamia kwa mjukuu wangu Maretadu. Watu wakaniuliza kama siogopi mkosi. Nikawaambia mkosi na mimi tumefahamiana zamani, ukija utanikuta nimekaa, na sidhani kama utapenda chai yangu. Nilimwashia moto, nikamchotea maji. Alikaa ameegemea kiambaza cha nyumba, akiangalia kilima. Usiku hakulala na mchana hakuamka sawasawa. Alikonda mpaka kivuli chake kikawa kinamsubiri njiani apumzike. Samahani, hiyo imeniponyoka. Lakini alikonda.

Aliyepanda kutusalimia alikuwa nesi Kissa peke yake. Aliketi, akaomba chai, na kikombe kilipochelewa akachukua cha Baltazar kutoka mkononi mwake akanywa. Kijiji kizima kilikuwa kinamwangalia siku zilizofuata kuona kama ataanguka. Akanenepa. Baltazar alipoona vile aliniambia pengine nesi anasema kweli, mkosi haupo, halafu akasema, "Lakini yule binti hakupata mtu wa kunywa naye chai." Akarudi kuangalia kilima.

Barabara haijui msiba. Pango lilifukiwa, machimbo yakahamishiwa upande wa pili wa kilima, na akaletwa fundi mpya, Evarist, kijana mpole wa Babati. Upande huo wa pili ndiko iliko nyumba ya Baltazar. Siku ya kwanza Evarist kulipua, king'ora kililia, watu wakateremka uwanjani. Nikachukua fimbo yangu, nikamwambia mjukuu wangu tuondoke.

Hakuinuka. Akasema, "Wamejaa pale, bibi. Wana watoto. Nitapitaje katikati yao?"

Kisha akagusa ukuta uliokuwa nyuma ya mgongo wake. Niliona neno lake mwenyewe limemrudia usoni. Akasema, polepole sana, "Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amekaa hivi hivi."

Nilimvuta mkono. Nilimwita majina ambayo sijawahi kumwita hata punda. Hakusogea. Alisema kama hayumo kwenye hesabu ya watu, hana pa kusimama, na mimi niende. Nikateremka kilima kile na fimbo yangu, na miguu hii ambayo kwa kawaida inaomba ruhusa kabla ya kunyanyuka siku ile haikuomba. Nilikuwa nimekusudia kusimama mbele ya Natalia nimseme mbele za watu mpaka ukuta wa kanisa upauke.

Nilipofika alikuwa anamaliza nyumba ya mwisho. Sauti yake ya kwaya ilikuwa imekwisha, anahesabu kama mtu anayehesabu mawe mdomoni. Evarist akamuuliza kutoka mbali kama wote wapo. Natalia akafungua mdomo. Mimi pia nikafungua wangu.

"Bado mmoja," akasema.

"Nani?"

Hakuangalia mtu. "Baltazar," akasema. "Yuko kwake, kule juu. Usiwashe."

Hakuna aliyeinua mguu kwenda kumwita. Natalia akangoja kidogo, akafunga kanga yake kiunoni, akapanda mwenyewe. Alichukua muda. Evarist alikaa juu ya jiwe, mikono kwenye magoti. Idd alikunja kiti chake na kukikunjua tena. Sijui walisemezana nini kule, na mmoja hataki kusema, mwingine sijamuuliza. Nilichoona ni Natalia anashuka mbele, na mjukuu wangu nyuma yake, kichwa chini. Watu wakaacha njia, pana, kama wanapisha moto. Hakuna aliyemsalimia. Alikwenda akasimama peke yake mwisho wa ukuta wa kanisa, na Natalia akasimama si mbali naye.

Evarist akawasha. Pu, pu, pu. Baltazar alikuwa amefumba macho, vidole vyake vinagusana kimoja kimoja. Fundi husikiliza hivyo, kujua kama kuna shimo lililobaki halijalipuka. Ilipokwisha, Evarist aligeuka kwanza kumwangalia yeye, kabla ya kitu kingine. Baltazar akainua mkono. Yote yamekwenda.

Bado anakaa kiambazani. Brightness hajarudi. Festo hajaandika wala kupiga simu. Mwaka haujageuka. Lakini king'ora kikilia anashuka, na mimi nashuka naye, namsimulia habari za fahali njiani, ambaye siku hizi amefika mpaka Singida.

Natalia bado anahesabu. Watu walidhani ataacha, hakuacha. Ila haanzi tena na nyumba ya kwanza. Anaanza na jina la Verediana, kwa sauti, kama anamwita aje kula. Evarist anangoja. Kijiji chote kinangoja. Hakuna anayeitika, na Natalia anasubiri kidogo hivi, halafu anaendelea na walio hai.